Kopa, uru, shupaza na pau zimetoka wapi?

Watoto wakileta nyumbani mchezo mpya wa karata, wazazi wengi husema: "Huo ni wa Wazungu." Historia inasema vingine.

Katika makumbusho ya Topkapi, Istanbul, zipo karata za zamani za Wamamluki wa Misri, zilizochorwa kwa mkono. Mtafiti L. A. Mayer alizikuta humo mwaka 1931. Seti kamili ilikuwa na karata 52 za aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Picha za watu hazina. Mfalme, naibu na naibu wa pili wametajwa kwa maandishi ya Kiarabu tu.

Kutoka huko zikafika Ulaya. Mwaka 1377 mji wa Florence, Italia, ulitoa amri dhidi ya mchezo mpya ulioitwa naibbe. Wahispania hadi leo huita karata naipes. Ni lile lile neno naibu tulilo nalo sisi.

Wareno nao wakaleta majina Pwani yetu: copas (vikombe) ikawa kopa, ouros (dhahabu) uru, espadas (panga) shupaza, paus (fimbo) pau.

Basi ugeni si hoja. Tuulize: je, kuna pesa mezani? Kamari ni haramu, kwa karata au kwa kitu kingine. Wapo wanavyuoni wanaoikataza karata hata bila pesa, hivyo mwulizeni shekhe wenu kwanza. Na adhana ikisikika, mchezo wowote uwekwe kando.