Asili ya Watu wa Vijiji vya Ungoni

Siku moja darasani mwetu mtoto mmoja alimwita mwenziwe "msutu," wakashikana hata damu ikatoka puani. Tulipowaamua tuliuliza maana ya neno hilo, wala hapana aliyeijua, ila kwamba ni tusi. Basi tumeona yafaa tuandike habari zake, maana ndani yake imo asili ya vijiji vyetu vya Songea.

Wangoni waliotoka kusini hawakuwa wengi. Walikimbia vita vya Shaka, wakamfuata Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835. Zwangendaba akafia Ufipa katika miaka ya 1840, na jeshi likagawanyika. Sehemu moja, chini ya Zulu Gama na Mbonani Tawete, ikaja upande huu wa mashariki ya Ziwa Nyasa. Hapa waliwakuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliokuwa wametangulia. Wakapigana nao, na Wamaseko wakavuka Ruvuma wakaenda zao. (Katika Wandendeule waliokuwa chini ya Wamaseko wako waliokimbilia Kilombero, na huko wakaitwa Wambunga.)

Sasa angalieni jeshi lile lilivyokua. Kila nchi waliyopita walichukua vijana na wanawake: Watonga, Wakaranga, Wasenga, na walipofika huku, Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na Wabena. Mwaka 1882 walishambulia Masasi, wakarudi na mateka hata kutoka katika misheni. Hao wote waliochukuliwa huku ndio walioitwa wasutu. Mateka hakufungwa minyororo. Alikaa katika nyumba ya bwana wake, akalima, akala pamoja na watoto wa nyumba. Na akiwa kijana alitiwa katika kikosi pamoja na vijana wenye damu ya kusini. Akionyesha ushujaa vitani, naye alipata mateka wake na watu wa kumfuata. Hivyo kijiji kimoja kilikuwa na mabwana wachache, na waliowazunguka walikuwa watu wa makabila mengi. Wala hatusemi kwamba ilikuwa raha: mtu aliyenyang'anywa mama yake hasahau kwa sababu amepewa ngao.

Lakini lugha ya Kizulu haikudumu. Akina mama waliolea watoto walikuwa wa nchi hii, na mtoto hunena anenavyo mama yake. Kingoni cha Songea leo ni jamaa ya Kindendeule. Maneno ya kusini yaliyosalia ni machache, kama nkosi na nduna.

Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji umepewa jina lake, hakuwa wa ukoo wa kifalme wa Gama. Alikuwa nduna, lakini watu wake walikuwa wengi na neno lake lilikuwa na nguvu. Wadachi walimnyonga mwaka 1906, katika Vita vya Maji Maji, pamoja na wakuu wengine wengi. Njaa ikafuata, ikaua bwana na msutu pasipo kuchagua. Baadaye wanaume wakaenda Tanga kukata mkonge, na huko aliyelipwa zaidi ni aliyekata zaidi.

Tukarudi kwa wale watoto wawili, tukawatuma wawaulize wazee wao. Aliyetukana alikuja kesho yake kimya: mama wa babu yake alitoka Undendeule. Aliyetukanwa, mama yake ni wa ukoo wa Gama.