Fahamu okidi za porini Karatu na Ngorongoro, na jinsi ya kuzitafuta bila kuziharibu

Wageni wengi wanaopita Karatu kuelekea kreta ya Ngorongoro wanakwenda kutafuta simba na faru. Lakini kabla hata ya kufika ukingo wa kreta, barabara inapita kwenye msitu wenye kivutio kingine kisichokimbia mtu: okidi za porini.

Okidi ni nini?

Ni familia kubwa ya mimea ya maua, yenye aina zaidi ya 25,000 duniani. Watanzania wengi wanaijua mojawapo bila kujua kuwa ni okidi: vanila inayolimwa Kagera.

Utaitambua kwa ua lake. Lina sehemu tatu za nje na tatu za ndani, na moja kati ya zile za ndani haifanani na wenzake. Hiyo huitwa mdomo, na mara nyingi ndipo mdudu anayechavusha hutua.

Zinapatikana wapi?

Kutoka mji wa Karatu, ulio kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi ukingo wa kreta kwenye mita 2,300 hivi. Katikati kuna Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, ambao ukungu huulowesha hata siku zisizo na mvua. Hapo okidi nyingi huishi juu ya miti mikubwa. Hazinyonyi mti kama watu wengi wanavyodhani. Mti ni kiti tu, na mizizi yao myeupe hufyonza maji ya mvua na ukungu.

Njia zinazojulikana kwa matembezi ni hizi:

- Mapango ya Tembo na maporomoko ya Endoro, upande wa Karatu
- Kreta ya Olmoti, karibu na Nainokanoka
- Kreta ya Empakaai, yenye ziwa chini yake

Utafute nini?

- Aerangis: maua meupe kama nyota yenye mkia mrefu nyuma. Hunukia zaidi usiku, maana wachavushaji wake ni nondo.
- Polystachya: maua madogo, mdomo wake umeelekea juu. Shina huvimba kama kitunguu kidogo kuhifadhi maji.
- Habenaria: huota ardhini kwenye nyasi, maua ya kijani au meupe. Mvua ikiisha, hujificha chini kama kiazi.

Tembea taratibu na utazame matawi ya miti mizee. Darubini inasaidia sana. Wakati mzuri ni majira ya mvua, yaani vuli ya Novemba na Desemba na masika ya Machi hadi Mei, pamoja na wiki zinazofuata. Vaa viatu vyenye meno, njia zinateleza.

Usiende peke yako

Msitu huu una tembo na nyati. Ndani ya eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA), matembezi hufanyika kwa kibali na kwa kusindikizwa na askari mwenye silaha. Yeye ndiye anayeamua lini msimame na lini mrudi, hata kama ua ulilolitafuta siku nzima liko hatua kumi mbele.

Kwa nini usichume?

Kwanza, sheria za hifadhi zinakataza. Pili, okidi zote zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na Tanzania ni mwanachama. Kuivusha mpakani bila kibali ni kosa.

Tatu, ni kazi bure. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula, hivyo huhitaji kuvu maalumu ili iote, na huchukua miaka kutoa ua. Ukiihamishia nyumbani, mara nyingi hufa.

Mfano upo Nyanda za Juu Kusini. Huko viazi vya okidi huchimbwa kwa wingi na kuuzwa hadi Zambia, ambako hutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Tishio hilo ni moja ya sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa Kitulo mwaka 2005.

Kwa Karatu, hatari kubwa ni mti wenyewe kukatwa. Mti mmoja mzee ukianguka, okidi zote zilizokaa juu yake zinakwenda nao. Na msitu huohuo ndio unaotunza chemchemi zinazotegemewa na mashamba ya Karatu na Ziwa Manyara.

Ukiipata, fanya hivi

Piga picha nne: ua kwa mbele, ua kwa pembeni, majani, na mti au mahali ilipoota. Usivunje tawi ili upate picha nzuri. Kabla ya kuirusha mtandaoni, zima taarifa za eneo kwenye simu yako, kwa sababu wezi wa mimea nao wanapitia picha hizohizo.