Mitwaba: Lenzi ya karibu na lenzi ya mbali, historia ya picha katika Katanga

Familia inayokimbia vita hubeba watoto, sufuria, na godoro kama nafasi ipo. Picha hubaki ukutani. Katika teritware ya Mitwaba, nyumba nyingi zilichomwa moto wakati wa vita kati ya Mai-Mai na jeshi, na picha za ndoa, za ubatizo na za wazee waliokwisha kufariki ziliungua pamoja na nyasi za paa. Kwa hiyo kijana anapouliza lenzi gani anunue kwa kamera yake ya dijitali, swali lake si la mafundi peke yao. Linahusu pia nani anapigwa picha, anapigwa toka umbali gani, na jina lake linaandikwa wapi.

Swali hilo lina zaidi ya miaka mia moja katika Katanga.

Mwaka 1898 msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire, ofisa Mbelgiji, ulianza kazi yake huku kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Léopold II. Ulidumu mpaka mwaka 1900. Pamoja na wapimaji wa ardhi na wachunguzi wa mawe, alikuwamo mchoraji Léon Dardenne na mpiga picha François Michel. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku juu ya miguu mitatu. Lenzi yake haikuvuta. Mpiga picha akitaka uso uonekane mkubwa, alibeba sanduku lake na miguu yake akasogea karibu. Aliyepigwa picha alimwona mbele yake, akatulia mpaka kazi iishe.

Lakini kusimama karibu si kuomba ruhusa. Picha nyingi za watu za wakati ule ziliwekwa katika kabati za Ulaya kwa jina la kabila au la kijiji, bila jina la mtu mwenyewe. Mama wa mtu, mjomba wa mtu, akawa mfano tu wa "watu wa kule".

Kisha ikaja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ukaanza mwaka 1910. Kampuni nayo ilipiga picha za viwanda, za kambi za wafanyakazi na za wafanyakazi wenyewe. Picha hizo zilibaki katika hifadhi ya kampuni, ambayo mwaka 1967 serikali iliichukua, na baadaye ikaitwa Gécamines.

Karibu miaka arobaini baadaye, mtoto wa Lubumbashi alizifungua. Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2006 kazi inayoitwa Mémoire: aliwatoa wafanyakazi wa picha za zamani, weusi na weupe, akawasimamisha mbele ya viwanda vya leo vilivyoota kutu, katika rangi. Mwaka 2011, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, alirudi pia kwenye picha za Michel na michoro ya Dardenne iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Aliyetazama kazi hizo alibaki na swali moja: hawa walikuwa nani?

Wakati huohuo lenzi zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo, kampuni ya Ujerumani Voigtländer ilitoa Zoomar, lenzi ya kwanza ya zumu kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35. Ilikwenda toka milimita 36 mpaka 82. Mwaka 1963 Nikon ikatoa ya kwake, toka 43 mpaka 86. Lenzi hizo za mwanzo zilikuwa nzito au picha zake hazikuwa kali pembeni, na wapiga picha wengi waliendelea na lenzi zisizovuta. Lakini jambo jipya lilikuwa limeanza: mpiga picha aliweza kusimama pale alipo, akazungusha mkono tu, na mtu akasogea.

Hapo ndipo umbali ulipobadilika. Hesabu yake ni rahisi. Chukua kamera ya dijitali ya kawaida, ile ambayo sensa yake ina upana wa milimita 24 hivi. Unataka kupiga mtu mzima aliyesimama, toka kichwa mpaka miguu, kamera ikiwa wima. Kwa lenzi ya milimita 18 utasimama mita moja na nusu toka kwake. Kwa milimita 50 utasimama mita nne. Kwa milimita 300 utasimama mita 25. Mita nne, mnasalimiana. Mita 25, anaweza asijue kabisa kwamba umempiga picha.

Kwa mnunuzi wa leo, lenzi za zumu zinazopatikana sana ni za aina mbili. Ya kwanza ni fupi, milimita 18 mpaka 55, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na kamera. Inatosha kwa familia nzima mbele ya nyumba, kwa mkutano ndani ya kanisa, kwa mtu mmoja aliyeketi. Ya pili ni ndefu, milimita 55 mpaka 250, au 70 mpaka 300. Hiyo ni ya mpira, ya ndege, na ya mnyama asiyengoja.

Na mnyama asiyengoja yupo karibu. Mbuga ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, inagusa teritware ya Mitwaba, na kituo chake kikubwa kiko Lusinga. Huko ndiko punda milia wa mwisho wa Kongo wanaishi. Kwa punda milia, lenzi ya 18 mpaka 55 itakupa alama ndogo kwenye nyasi. Huyo anahitaji lenzi ndefu, na hakuna anayemlaumu mpiga picha kwa kutomsogelea.

Lakini lenzi ndefu ina masharti yake. La kwanza ni mwanga. Namba ndogo baada ya herufi f ni tundu kubwa zaidi. Lenzi ndefu za bei nafuu, zikivutwa mpaka mwisho, hufika f/5.6. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne zaidi, lakini ile ya 70 mpaka 200 ya f/2.8 ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na bei yake haishikiki kwa wengi. La pili ni mkono kutikisika: kwa milimita 300, kamera lazima ifunge kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde hivi, la sivyo picha itakuwa na ukungu, isipokuwa lenzi iwe na kifaa cha kutuliza au kamera iwekwe juu ya kitu imara. La tatu ni vumbi. Wakati wa kiangazi, lenzi inayorefuka na kufupika huvuta hewa, na hewa ya barabara ya Mitwaba ni nyekundu. Kubadilisha lenzi njiani ni kukaribisha vumbi juu ya sensa.

Kuhusu zumu ya simu: simu nyingi, ukivuta kwa vidole, hazisogei karibu. Zinakata picha na kuipanua tu. Ni heri kutembea hatua tano.

Sharti la nne ni la hapa kwetu. Toka mbali, lenzi ndefu inaonekana kama silaha. Kwenye barabara zenye vizuizi vya wanajeshi, kuielekeza kwa watu bila kujulisha ni hatari kwa mpiga picha na kwa wanaosimama naye. Manono, Mitwaba na Pweto ziliitwa pembetatu ya kifo. Ni Mitwaba ambapo mwezi wa Mei 2006 kiongozi wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha kwa MONUC. Mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na watu wakakimbia tena. Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia Lubumbashi kwenyewe. Watu waliopitia hayo wana sababu ya kuogopa kitu kirefu cheusi kinachowaelekea.

Tena kuna picha ya kambi inayopigwa toka mbali: mama kwenye foleni ya maji, mtoto mwenye tumbo kubwa, wasijue wamepigwa. Picha hiyo husafiri mpaka Ulaya, jina halisafiri. Kwa njia hiyo lenzi ya kisasa inarudia kosa la mwaka 1898, na safari hii hata kusogea karibu hakukuhitajika.

Ipo historia nyingine ya picha za wakimbizi, nayo ilitokea mashariki ya Kongo. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, watoto maelfu walipotezana na wazazi wao. UNICEF na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliwapiga picha, mmoja mmoja, uso ukitazama mbele, kila mmoja na namba yake. Picha zikabandikwa kwenye mbao kambini, na wazazi wakapita mbele yake wakitafuta. Mtoto mdogo hajui jina la kijiji chake wala jina kamili la baba yake, lakini mama anaujua uso. Wapo waliokutana tena kwa njia hiyo. Kazi hiyo haikudai lenzi ndefu. Ilidai mtoto aketi, mwanga wa kutosha, na karatasi ya kuandika.

Basi kwa anayechagua leo huko Mitwaba, au katika mitaa ya Lubumbashi ambako familia nyingi zilikimbilia, historia inatoa mpangilio. Lenzi fupi ya zumu ianze, kwa sababu inamlazimisha mpiga picha kufika, kusalimia wazee na kuomba. Ndefu ije baadaye, kwa mbuga na kwa mpira. Na kila picha ya mtu iandikwe nyuma yake, au kwenye daftari: jina, jina la baba na la mama, kijiji alikotoka, tarehe. Kisha nakala moja ibaki kwa wenyewe, ndani ya plastiki, mahali ambapo mkono unaweza kuifikia haraka pamoja na sufuria.