Gololi za Schweinfurt



Kila tukutanapo huzuka ubishi ule ule: ati baiskeli na vipuri vya Kijerumani ni ghali kwa sababu ya jina tu. Mimi mpenda historia naona jibu limo katika mji mmoja wa Ujerumani, Schweinfurt, na katika kitu kidogo sana, yaani gololi.

Mwaka 1883 Friedrich Fischer alibuni mjini humo mashine ya kusaga gololi za chuma kwa wingi, zote za ukubwa mmoja. Jambo hili si dogo. Gololi zikipishana ukubwa, zile kubwa hubeba mzigo wote, hupasuka na kula vikombe vyake. Zikilingana, mzigo hugawanyika na gurudumu huzunguka kwa wepesi miaka mingi.

Juu ya msingi huo Ernst Sachs, aliyepata kushindana mbio za baiskeli, alianzisha kiwanda pamoja na Karl Fichtel mwaka 1895. Mwaka 1903 akatoa habu iitwayo Torpedo. Ukikanyaga mbele, gurudumu huvutwa. Ukituliza miguu, hujiendea. Ukikanyaga nyuma, breki hufunga. Hapana waya wa kukatika wala mpira wa kulowa mvua. Kuziweka kazi hizo tatu ndani ya chombo kinachoenea kiganjani hutaka chuma kigumu na vipimo visivyopishana hata kwa unywele. Gharama ndipo ilipo.

Thamani ya gololi ilidhihirika vitani. Tarehe 14 Oktoba 1943 Wamarekani walipoteza ndege 60 za mabomu katika shambulio moja juu ya Schweinfurt, kwa kuwa mitambo ya vita ya Ujerumani ilitegemea viwanda vya mji huo.

Hata hivyo, sifa njema haikumwacha Sachs na biashara yake milele. Mwaka 1997 kazi yake ya vipuri vya baiskeli ilinunuliwa na SRAM, kampuni ya Marekani. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ya Kijerumani, Rohloff, ikatoa habu yenye gia 14, zote zimefungiwa ndani ya mafuta, mbali na matope. Mafuta hubadilishwa kila kilomita 5,000, au mara moja kwa mwaka. Bei yake yapita euro 1,000. Kwa fedha hizo mtu hupata baiskeli nzima za kawaida zaidi ya moja.

Je, yafaa? Kwa msafiri avukaye nchi na nchi, mahali pasipo fundi, naamini yafaa. Kwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi, ni fedha ya bure.

Nanyi wanafunzi, mkiingia karakana msidharau kupima. Fischer hakubuni gololi. Alizifanya zilingane, na mji mzima ukapata kazi.