Mashimo ya Wasirikwa

Ewe mgeni uliyewasili Kesses, usitaraji kuona hapa kuta za chokaa kama zile za Gede kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wala mahekalu ya Wamaya yaliyomezwa na misitu ya Guatemala; kwani waliotangulia kuutamalaki uwanda huu wa Uasin Gishu, ambao masimulizi ya Wakalenjin huwataja kwa jina la Wasirikwa, walijenga kwa kuchimba.

Takriban baina ya karne ya 13 na ya 18 walifukua katika miteremko mashimo ya mviringo, mengi yakiwa na upana wa meta 10 au zaidi, na palipokuwa na mawe tele, kama katika nyanda hizi, wakayazungushia kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa. Walowezi wa Kizungu walidhani kwamba wanadamu waliishi humo shimoni, dhana ya haraka mno. Uchunguzi wa mwanaakiolojia John Sutton, ulioanza katika miaka ya 1960, ulibainisha kuwa shimo lilikuwa zizi la kuwahifadhi ng'ombe usiku, na nyumba za wenyewe zilishikamana na ukingo wake. Samadi na matope yalitolewa kwa lango la upande wa chini, yakarundikana yakawa kilima kidogo, na kilima hicho, ambacho mpita njia hukidharau, ndicho hazina ya mtaalamu, kwa kuwa ndani yake mna mifupa na vigae.

Tafadhali usihamishe jiwe lolote, maana mashimo mengi yamekwisha kufutwa na plau.