Gereji Bubu: Historia Iliyomo Ndani ya Injini

Kiswahili kina neno kali kwa kitu kinachofanya kazi bila kibali. Bandari isiyo rasmi ni bandari bubu. Karakana ya chini ya mwarobaini, isiyo na kibao wala kitabu cha risiti, ni gereji bubu. Neno hili limekuwa likinishangaza, kwa sababu sijawahi kufika mahali penye maneno mengi kama gereji bubu. Watu wanabishana pale kutwa nzima. Kinachokosekana si sauti, ni maandishi.

Nalisema hili kwa sababu mwaka jana tulishusha injini ya pikapu ya familia uani kwetu Mkonze, pembeni ya jiji la Dodoma. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1971. Babu aliinunua mwaka 1976 ikiwa imeshatumika, ikabeba mtama, zabibu, mbuzi, wagonjwa na maharusi mpaka ikachoka. Kazi ilichukua wiki sita. Tulipoifungua tulikuta miaka mingi ya historia ya Tanzania imepangwa humo tabaka juu ya tabaka, na karibu yote haimo kwenye vitabu nilivyosomea shule.

Tuanze na gari lenyewe. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Huku kwetu jina ilijipatia kwenye mashindano ya Safari Rally: ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Aliyeshinda 1966 na 1967, Bert Shankland akiwa na mwenzake Chris Rothwell, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, mfanyakazi wa Tanganyika Motors waliokuwa wakiuza magari hayohayo. Kwa hiyo mkulima aliyeinunua pikapu ya 404 alikuwa ananunua gari lililokwisha pita matope na vumbi mbele ya macho ya watu. Hakuhitaji tangazo.

Siri ya umri wake mrefu, hata hivyo, imo ndani. Injini ina silinda nne, sentimita za ujazo 1,618, imelazwa upande ili boneti iwe chini. Hedi ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma. Kwenye injini nyingi za zamani, tundu la silinda limetobolewa kwenye bloku lenyewe. Likilika, bloku zima linapelekwa kwenye mashine kubwa ya kuchongea. Kwenye 404, pistoni inacheza ndani ya slivu, yaani bomba la chuma linalosimama ndani ya bloku huku maji yakilizunguka. Slivu ikilika, unaigonga inatoka, unaweka nyingine. Mhandisi wa Ufaransa alikuwa na sababu zake. Kwa Dodoma maana yake ni moja: injini hii inaweza kufufuliwa uani, kwa spana, jeki, mnyororo na tawi la mti.

Fundi wetu ni mzee wa miaka sabini na kitu. Alifika asubuhi, akaamkia nyumba nzima kwa Kigogo, “Mbukwenyi!”, akanywa chai, akavua koti. Tulipotoa beringi za krenki alinipa moja akaniambia, “Geuza mgongo usome, mwanangu.” Kwa nyuma ilikuwa imegongwa namba 0.50. Maana yake krenki ilishakerezwa ikapunguzwa nusu milimita, na beringi nene zaidi zikawekwa kufidia. Kwa kawaida kuna hatua ndogo zaidi kabla ya hiyo. Kwa hiyo inaelekea injini ilishafunguliwa kwa kazi nzito mara mbili kabla yetu.

Nyumbani wanaikumbuka mara mojawapo: ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa Februari mwaka huohuo hadi Novemba 1983. Spea iliyokuwa inashuka kutoka Nairobi ikawa ya magendo. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na fedha za kigeni hazikuwepo. Vita vilipoanza Oktoba 1978, serikali ilichukua magari ya raia kwenda mstari wa mbele. La babu halikuchukuliwa. Lilikuwa juu ya mawe, injini imenoki, krenki iko kwa mkerezaji.

Tabaka la pili lilikuwa kwenye pistoni. Ringi mbili hazikuwa za Peugeot. Zilitoka kwenye injini yenye tundu kubwa kidogo, ncha zake zikapunguzwa kwa tupa mpaka zikaingia. Alama za tupa bado zinaonekana. Gasketi ya pampu ya maji ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye boksi la kawaida. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya themanini, enzi za foleni kwenye maduka ya kaya. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakatupa au kuficha bidhaa kwa hofu. Kwetu inasimuliwa kwamba babu alifukia pistoni mbili ndani ya kihenge cha mtama. Hakuwa mlanguzi. Alikuwa na pikapu moja na pistoni mbili za akiba, lakini nani angemsikiliza?

Tabaka la tatu ni slivu moja, ya nne kutoka mbele, mpya kuliko wenzake na ya kampuni tofauti. Hii ilikuja baada ya bajeti ya 1984, ya Waziri Cleopa Msuya, iliyowaruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Pikapu zikaanza kumiminika, na spea nazo. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Kwa wanahistoria wa uchumi haya ni mageuzi. Kwa injini yetu ni slivu moja, kwa kuwa fedha za slivu nne hazikupatikana.

Sitaki kuwapamba mafundi wa zamani kupita kiasi. Tulikuta kidhibiti joto cha maji kimeng'olewa, kama kwenye magari mengi ya umri wake, kwa hoja kwamba nchi ya joto haikihitaji. Aliyesema hivyo hajaamka Dodoma alfajiri ya Julai. Injini isiyopata joto lake haraka inalika, na ringi zetu ziliteseka kwa sababu hiyo pia. Maji ya chumvi ya visima nayo yalikuwa yameitafuna hedi pembezoni mwa matundu. Uhaba ulizaa ujanja, ndiyo, lakini uliacha na makovu. Ukisifia ujanja bila kutazama makovu, unaandika tenzi, huandiki historia.

Mjukuu wa fundi, kijana hodari, alikuwa na ushauri mwingine: “Mjomba, tupa hii, weka ya Toyota. Siku mbili tu, gari linatembea.” Alikuwa na hoja, maana spea za Toyota zinauzwa kila kona. Mzee alimjibu bila kuinua kichwa: “Ya Toyota utaiweka. Hii nani atakufundisha?”

Yeye alifundishwa na mtu aliyeanza kazi Kongwa, mashariki mwa Dodoma, kwenye mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 ili kupata mafuta ya kupikia, ikaleta matrekta yaliyobaki vitani, mengine yakiwa ni vifaru vilivyogeuzwa. Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa kama saruji. Mashine zikafa kwa makundi, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Vitabu vinautaja kama mfano wa upumbavu wa wakoloni, na ni haki yake. Lakini mashine zinazokufa zinahitaji mikono ya kuzifungua, na kijana mmoja aliyekuwa akishika taa na spana pale aliondoka na elimu ambayo haikuhesabiwa kwenye hasara wala kwenye faida. Hiyo ndiyo iliyofika uani kwetu.

Mwaka 2021 mwanahistoria Joshua Grace alichapisha *African Motors*, kitabu kizima kuhusu magari na mafundi wa Tanzania. Ni kitabu cha heshima na nawashauri mkisome. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na mazungumzo ya gereji ni ya Kiswahili. Sisi tunaojiita watu wa fasihi tumeandika sana juu ya mwalimu, mwanasiasa na mlevi. Fundi anapita kwenye riwaya zetu akiwa na mafuta mikononi, anatengeneza gari la mhusika, anaondoka. Wakati huohuo Mkonze inapimwa viwanja. Bikoni zimefika mpaka pale kwenye mwarobaini wa fundi wetu, na yeye haulizi tena kama ataondoka, anauliza lini.

Basi wakati wa kufunga injini nilinunua daftari. Slivu zinatakiwa zichomoze kidogo tu juu ya uso wa bloku ili hedi izibane. Zikizama, maji yanaingia kwenye oili. Mzee alipitisha ukucha, akasema ya pili iko chini. Tukapima kwa vibamba, ikawa chini kweli. Niliandika kipimo, tarehe, namba ya beringi, ringi zilikotoka, na kidhibiti joto kipya. Nilipofika kwenye jina la fundi alinizuia. Akataka kwanza niandike la mwalimu wake, yule wa Kongwa, kisha lake, kisha la mjukuu. Yapo kwenye daftari, na daftari liko ndani ya gari, nyuma ya kiti.

Injini sasa ina kilomita 800. Bado inakula oili kidogo. Tunaizoesha polepole, hatupakii mzigo mzito, na ikifika kilomita 1,000 tutamwaga oili, tutakaza hedi upya, tutaandika tena.