Fremu ya Chuma katika Vilima vya Chai: Historia ya Baiskeli Kericho na Bomet

Baiskeli ilienea katika vilima vya Kericho katika kizazi kilekile kilichoona chai ikipandwa huko. Mwaka 1924 kampuni ya Brooke Bond ilianza kununua ardhi, na muda si mrefu James Finlay ikafuata, ikachukua mashamba yaliyokuwa ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maafisa hao walikuwa wamegawiwa takriban ekari 25,000 zilizonyang'anywa Wakipsigis, wakalima kitani, bei yake ikaporomoka na mradi ukafa. Chai haikufa. Ilihitaji viwanda, makarani na vibarua wengi, na zaidi ya hayo ilihitaji barabara za kuunganisha shamba na kiwanda, na kiwanda na stesheni ya reli ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Barabara hizo, zilizochongwa kwa ajili ya mikokoteni na malori, ndizo zilizompa mwendesha baiskeli mahali pa kupita.

Ardhi yenyewe ni ngumu kwa magurudumu mawili. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, na pengine huja na mawe. Udongo ni mwekundu na mzito: ukilowa huteleza chini ya mguu na kunata kwenye tairi, na ukikauka huacha mifereji migumu iliyochimbwa na maji. Mito ya Chemosit, Kiptiget na Itare imekata nchi kuwa migongo mirefu, kiasi kwamba nyumba mbili zinazoonana ng'ambo ya bonde huweza kutenganishwa na mteremko, daraja la magogo na mpando wa nusu saa. Upande wa kusini, kuelekea Sotik na Bomet, miinuko hulegea kidogo, na ukipita Longisa kuelekea Chepalungu nchi huwa kavu na wazi zaidi. Tofauti hiyo ya ardhi ndiyo iliyoamua ni wapi baiskeli ingependwa na ni wapi ingevumiliwa tu.

Wa kwanza kuinunua walikuwa watu wa mshahara: makarani, walimu, wainjilisti wa misheni, mafundi wa viwandani. Shule ya serikali ya Kabianga ilifunguliwa mwaka 1925, na misheni za Litein na Tenwek zilikuwa zikituma watu wao vijijini kila wiki. Mwalimu mwenye baiskeli aliweza kuishi kwao na kufundisha mbali, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwezekana bila farasi, na farasi walikuwa wa walowezi.

Baiskeli waliyopata ilikuwa ya Kiingereza, na Raleigh ya Nottingham ndiyo iliyovuma zaidi. Baadaye, baada ya uhuru, Hero ya India na Phoenix ya China zilichukua nafasi kubwa sokoni, lakini umbo halikubadilika. Fremu ilikuwa ya mabomba mazito ya chuma yaliyounganishwa kwa vifuko vya chuma na kuyeyushiwa shaba kwenye maungio. Magurudumu yalikuwa ya inchi 28, breki zilivutwa kwa fito badala ya waya, na gia ilikuwa moja. Wakenya waliiita blakmamba. Ilitengenezwa kwa barabara za tambarare, na katika tambarare za Nyanza na Magharibi ilikaa kama iliyozaliwa huko. Teksi ya baiskeli, bodaboda, ilianzia Busia mpakani na kusambaa hadi Kisumu. Katika miinuko ya chai biashara hiyo haikushika mizizi kama kule.

Sababu inaweza kupigiwa hesabu. Baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa gurudumu la inchi 28, husogea karibu mita 5.4 kila pedali inapozunguka mara moja. Katika mpando unaoinuka mita 10 kwa kila mita 100, mtu mwenye mzigo, ambaye pamoja na baiskeli anafika kilo 160, anahitaji zaidi ya wati 200 ili aende kilomita 5 tu kwa saa, na kwa mwendo huo pedali zake huzunguka mara 15 kwa dakika. Hakuna goti linalostahimili hilo kwa muda mrefu. Ndiyo maana picha ya kweli ya blakmamba katika vilima hivi si ya mtu aliyekalia tandiko. Ni ya mtu anayetembea kando yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia, akiisukuma kama toroli. Alipanda kwa miguu na kushuka kwa magurudumu, na bado alipata faida, kwa sababu kilo 80 za mahindi juu ya keria husukumwa na mtu mmoja, ilhali kichwani hazibebeki.

Biashara ya wakulima wadogo iliongeza kazi hiyo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika mlango wa kulima mazao ya biashara, chai ikiwemo, na mwaka 1964 mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA, ikaundwa. Jani la chai halisubiri. Likishachumwa huanza kunyauka na kupata joto, na lazima lifike kwenye kituo cha kununulia siku hiyohiyo. Hata hivyo baiskeli haikubeba sehemu kubwa ya chai hiyo, na ni haki kusema wazi ni nani aliyeibeba: wanawake, migongoni, kutoka shambani hadi kituoni, kwa sababu vijia kati ya mashamba vilikuwa vyembamba na kwa sababu baiskeli ilikuwa mali ya mwanamume. Magurudumu yalikwenda kwenye maziwa, mahindi, kabichi na mafuta ya taa. Mchuuzi wa maziwa mwenye mitungi miwili ya alumini ubavuni mwa keria alikuwa mtu wa alfajiri katika njia za Sotik na Bomet miaka mingi kabla ya pikipiki.

Kilichotisha ni mteremko. Breki za fito hubana upande wa ndani wa rimu ya chuma iliyopakwa kromu, na rimu hiyo ikilowa, mpira wa breki huteleza kama sabuni. Katika nchi ya mvua ya kila alasiri, kasoro hii si ndogo. Waendeshaji walijifunza kuburuza kiatu ardhini au kukibana kwenye tairi, na wengi waliteremka kwa miguu vilevile kama walivyopanda. Mafundi nao waliijibu nchi yao kwa walichokuwa nacho. Waliongeza vyuma vya kutegemeza keria na kuimarisha uma wa mbele kwa vipande vya nondo. Spoki nyembamba zilitolewa na nene kuwekwa mahali pake. Fremu iliyopasuka kwenye ungio ilipelekwa kwa juakali mwenye gesi, akaiyeyushia shaba, na kabla ya jioni ikarudi kazini. Hapa ndipo chuma kilipojijengea heshima ambayo haijaondoka. Uzuri wake haukuwa wepesi, maana baiskeli hizo zilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi au zaidi zikiwa tupu. Uzuri ulikuwa kwamba ilipovunjika, ilikuwa bado mali.

Wakati blakmamba ikisukumwa juu ya vilima vya Kericho, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakifanya jambo linalofanana nalo kwa mchezo. Katika miaka ya 1970 walichukua baiskeli kuukuu za chuma zenye matairi manene na breki za kurudisha pedali nyuma, wakazipandisha mlimani kwa malori au kwa kusukuma, kisha wakashindana kuteremka. Njia yao mashuhuri, Repack, ilishuka karibu mita 400 katika kilomita 3 hivi, na mashindano ya kwanza hapo yalifanyika Oktoba 1976. Breki zilipata joto hadi grisi ya ndani ya kitovu cha gurudumu ikaungua, na ilibidi ijazwe upya baada ya kila mteremko. Jina la njia lilitokana na kazi hiyo. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza fremu mpya kwa ajili ya njia za aina hiyo, ya chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Gia nyingi na breki za waya ziliwekwa juu ya fremu ya chuma isiyo na springi mahali popote. Springi za mbele zilienea miaka ya 1990, na umbo ambalo leo huuzwa kama baiskeli ya kila njia, springi mbele na nyuma pagumu, likakamilika.

Umbo hilo lilifika Kenya kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa wa mitumba: baiskeli zilizotumika ughaibuni, nyingi za chuma cha kawaida, zilizoanza kuning'inia kwenye maduka ya mijini na kupanda hadi masoko ya Litein, Kapkatet na Silibwet. Mwingine ulikuwa wa baiskeli mpya za bei nafuu zilizofanana na za milimani kwa sura tu, zenye springi mbele na nyuma. Hizi za pili ziliwaumiza wanunuzi wengi. Springi dhaifu hulegea, bushi zake hula haraka katika tope, na keria haina mahali pa kushika. Aliyekuwa na mtumba wa chuma, usio na springi nyuma na wenye gia 18 au 21, alikuwa na chombo bora mara nyingi zaidi kuliko jirani yake aliyenunua kipya kinachong'aa.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na katika miaka michache Boxer na TVS zikachukua karibu mizigo yote ya vilimani: maziwa, majani ya chai, abiria na majeneza. Baiskeli haikushinda shindano hilo, wala haikustahili kulishinda. Ilibaki kwa wanafunzi, kwa wanaume wazee na kwa safari ambazo hazina pesa ya petroli. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, liliisogeza mbele fikra ya zamani kwa baiskeli yake ya Buffalo, ambayo kwa Kenya huunganishwa Kisumu: fremu nzito ya chuma, keria ya kubeba kilo 100, breki ya kurudisha pedali nyuma isiyojali mvua. Ni chombo cha tambarare na vilima vya wastani. Kwenye miteremko mirefu ya upande wa miinuko ya Mau, breki ya aina hiyo ina tabia ileile ya kupata joto iliyoonekana Marin.

Kuendesha kwa michezo na burudani ni jambo la karibuni. Vilima hivi vilitoa wakimbiaji kwanza, kwa kuwa mbio hazidai mtaji: Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, alileta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya kutoka Tokyo mwaka 1964. Tangu 2021 mashindano ya baiskeli ya Migration Gravel Race yamekuwa yakipita Narok, kaunti jirani ya Bomet. Mtandao wa njia za mashamba makubwa, uliokwisha kupita mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka kufuatia mauzo ya James Finlay Kenya mwaka 2023 na ya mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond mwaka 2024, ungefaa sana kwa mchezo huu, lakini ni mali binafsi na huingiwa kwa ruhusa.

Anayechagua leo baiskeli mpya ya chuma kwa njia hizi anakutana na maswali yaleyale ya fundi wa miaka ya 1960, yakiwa na majibu bora. Meno 32 mbele na 51 nyuma, kwa gurudumu la inchi 29, husogeza baiskeli mita 1.44 kila mzunguko; ule mpando wa kilomita 5 kwa saa sasa unadai mizunguko 58 kwa dakika, kazi ambayo mguu unaiweza. Breki za diski hubana mbali na rimu, hivyo tope na mvua hazizinyang'anyi nguvu. Za waya huhudumiwa na fundi yeyote, za mafuta hushika vizuri zaidi ila zinahitaji vifaa vya kutolea hewa. Springi ya mbele ya milimita 120 hadi 140 inatosha. Nafasi kati ya tairi na fremu ina maana kubwa kuliko springi, kwa sababu udongo mwekundu usiopata pa kupitia hulisimamisha gurudumu kabisa.

Jambo la mwisho ni chuma chenyewe, maana si chuma chote hutengenezeka kwa njia moja. Mabomba ya kromi na molibdenamu ni mepesi kwa sababu kuta zake ni nyembamba, pengine chini ya milimita moja katikati, na mashine ya kawaida ya umeme ya juakali huyatoboa. Ufa wake uungwe kwa gesi na shaba, kwa moto wa wastani. Mvua ya Kericho hulisha kutu kutoka ndani, hivyo mafuta hunyunyizwa ndani ya mabomba kabla ya matumizi, na tundu la kutolea maji chini ya kitovu cha pedali huwekwa wazi. Matundu ya kufungia keria yawepo, hata kwa anayeendesha kwa burudani tu. Fremu ya namna hiyo ikitunzwa hudumu miaka 20 na zaidi, na kwa nchi yenye mafundi wa gesi katika kila mji mdogo kutoka Kipkelion hadi Mulot, hakuna malighafi nyingine inayoifaa kuliko hiyo.